Dobi Aliyechagua Hoteli Isiyotaka Mchanga

Pale kisiwani walimwita Povu, na hakuwa na kinyongo, maana dobi asiyetoa povu ni mtu tu anayelowesha nguo za wenzake. Alikuwa na mashine mbili, moja nzima na moja ya kupigwa teke, na zote zilifua mashuka ya hoteli saba zilizopangana ufukweni. Kila hoteli ilijigamba mtandaoni kwa picha za machweo. Povu hakuhitaji picha. Alikuwa na mashuka, na shuka halijui kusema uongo. Alijua nani kamwaga chai kitandani, hoteli gani ina kunguni, na maharusi gani wamelala kila mmoja ukingoni, katikati pamebaki papya kama pametoka dukani.

Ndiyo maana kaka yake alipompigia simu kutoka ng'ambo ya maji, aliona ni jambo dogo.

"Dada, tunakuja kupumzika siku nne, mimi na wifi yako. Watoto tumemwachia mama mkwe."

"Eh! Mmeshinda bahati nasibu?"

"Hatujashinda kitu, tumechokana. Hizi siku nne zikiharibika, basi, kila mtu na lwake. Sasa we unazijua hoteli zote, tuchagulie nzuri."

"Na mkiachana utakaa wapi?"

"Si kwako? Mimi nina nani mwingine?"

Povu akageuka kukitazama chumba cha kupigia pasi, chumba pekee kilichobaki nyumbani mwake. Alimpenda kaka yake, lakini kama watu wanavyoipenda bahari chafu: kutoka nchi kavu. Yule bwana tangu azaliwe hajawahi kukosea. Sahani hujivunja zenyewe, basi humwacha kwa chuki, na mkewe hununa bila sababu. Hapana. Ndoa ile ilipaswa kupona, kwa heri au kwa shari.

Asubuhi akayapanga mafurushi saba sakafuni kama hakimu mwenye washtakiwa saba. La hoteli ya Mama Fujo alilitenga kwanza, huku akisonya. Humo mlikuwa na mchanga wa kujengea choo, maji ya papai, na siku ile, ganda la kaa. Mchanga ndio adui wa dobi: hukwaruza pipa la mashine, huziba bomba, huchubua vidole. Halafu akafungua furushi la hoteli nyeupe ya mwisho wa ufukwe. Mashuka safi, makavu, hata punje moja hamna. Miaka kumi na moja hajawahi kukung'uta shuka la hoteli ile.

"Peponi ni huku," akasema, akawawekea nafasi.

Siku ya pili tangu wafike, saa tatu asubuhi, kaka mtu na wifi mtu wakasimama mlangoni pake na begi. Povu alikuwa anapiga pasi. Moyoni akaanza kuuhamisha ubao wa pasi.

"Wifi," akasema wifi yake, "hebu niambie ukweli. Ulitupeleka hotelini au chumba cha upasuaji?"

"Kwani kuna nini? Si pasafi pale?"

"Pasafi! Ukitoka ufukweni unaosha miguu getini. Ukifika ngazini unaosha tena. Mlangoni mwenye hoteli anapiga magoti na tochi, mchana kweupe, anakukagua katikati ya vidole!"

"Viti vya ufukweni vimevalishwa nailoni," kaka akadakia. "Ukikaa vinalia kama bata."

"Wageni wameona bora wasishuke kabisa. Tumekaa barazani tunaitazama bahari kama taarifa ya habari."

"Sasa mbona mna begi?"

Wakatazamana. Wifi akabana midomo.

"Tumefukuzwa," akasema kaka. "Leo amekuta mchanga kitandani kwetu."

"Mwingi?"

"Punje tisa. Alizihesabu kwenye kisosi."

"Nani aliuingiza?"

"Mimi," akasema kaka.

Povu nusura ajiunguze kwa pasi. Neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwa kaka yake, hata ile siku alipochoma pazia la mama yao huku kibiriti kikiwa mkononi.

"Mwongo mkubwa huyu," wifi akasema, na kicheko kikaanza kumtoroka. "Nilikuwa mimi. Nilipitia dirisha la bafu kumekucha, nikajigaragaza mchangani kama punda, nikarudi. Yule bwana alipokuja kutuhoji, kaka yako akasimama na kaptula yake ya kulalia, akasema mchanga ni wake wote, na anataka arudishiwe!"

"Sasa ningesemaje? Alikuwa anakukodolea macho."

"Akataka arudishiwe, wifi! Punje tisa!"

Wakacheka hadi wakashikana mabega wasianguke. Povu akabaki amesimama, akijiona kama mtu aliyesoma kitabu juu chini miaka kumi na moja. Kumbe shuka safi ni shuka la mtu aliyenyimwa raha. Akazima pasi, akabeba begi lao mwenyewe, akawaongoza kwa Mama Fujo bila hata kuwaambia anawapeleka wapi.

Mama Fujo alikuwa barazani anamenya papai, mapaja yametapakaa maganda. "Vyumba vipo viwili," akasema bila kuinua macho. "Kimoja kinavuja, kingine mlango haufungi."

Povu akageuka awaulize wenyewe. Hawakuwepo. Viatu vyao vilikuwa vimetupwa mchangani kila kimoja upande wake, na wao walikuwa wameshafika maji ya magoti na nguo zao zote, wanarushiana maji kama watu waliokosa malezi.

"Nyie!" akapiga kelele. "Mnataka chumba kipi?"

"Chochote!" wakajibu kwa pamoja, na hata hawakugeuka.