Ile Rola Kosta ya Kusimama

Jumamosi iliyopita nilikwenda na wenzangu wa kazini kwenye ile bustani ya burudani iliyo mbali kaskazini ya Columbus, na harufu ya bisi za sukari ikanipokea langoni. Nikajikuta namtafuta mama kwa macho, ilhali nilimwacha nyumbani, mtaani kwetu Linden, ameinua miguu juu ya stuli.

Unajua, zamani pale kulikuwa na rola kosta ya chuma, vile vigari vinavyokimbia juu ya reli, ambayo watu waliipanda wamesimama. Wima kabisa! Vyuma vimewabana mabega, katikati ya miguu kuna kitandiko kidogo kama cha baiskeli, kisha wanapinduliwa vichwa chini. Kanisa letu la Warundi lilikodi basi kwenda huko kiangazi kimoja, nami ndiyo kwanza nilikuwa nimefikia urefu unaotakiwa. Baba alikataa papo hapo. “Wiki nzima nasimama ghalani, leo tena nisimame?” Mama alikuwa akifunga vifurushi katika ghala hilohilo, lakini yeye alikubali.

Tatizo lilikuwa kitenge. Kule kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania walikokulia wazazi wetu, safari ya kanisa ni kupendeza, basi kina mama wote walikuja kama wanakwenda harusini, vilemba na yote. Mama alipokiona kile kitandiko akaitazama sketi yake iliyombana, akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilikaribia kulia. Sikutaka kupanda na mtu mwingine. Nilimtaka yeye, kwa sababu nyumbani nilimwona ama amelala ama anatoka.

“Mwakani nitavaa suruali, mwanangu,” akasema. “Tutasimama wote wawili.”

Mama yangu, suruali! Nikamwuliza kwa Kiingereza, kama tulivyozoea sisi watoto, iwapo ananiahidi. Akaniahidi kwa Kiswahili. Tukaenda kula ugali na ndagala, dagaa wa kwetu, vilivyopoa kwenye maegesho, nami nikaanza kusubiri.

Mwaka uliofuata alivaa suruali ya kazini ya baba, ameikunja chini, na kitenge juu yake. Tulipopita lango akakifungua kitenge, akakitia mkobani, akatembea kwa haya kama bibi harusi. Tukafika. Reli zilikuwa zilezile, ila rangi mpya, na watu wamekaa kwenye viti. Machozi yakanitoka. Mama akaviangalia vile viti, akashusha pumzi.

“Mungu ni mwema,” akasema. “Wamejua nimechoka.”

Akakaa, akanishika mkono, tukapanda. Nilinuna njia nzima ya kurudi.

Siku hizi nami nafanya kazi ghalani. Jioni nikivua viatu, nyayo zinawaka moto. Jumamosi nilisimama pale chini nikawatazama watoto wanavyopiga kelele vitini, wasiojua kwamba watu waliwahi kusimama humo, na nikaikumbuka ile suruali iliyokunjwa. Siku ile ilikuwa siku yake ya kupumzika, na mama alikuwa amekuja tayari kusimama tena.