Kadi Mbili za Nyumba Moja

Kila Alhamisi Sidonie alitandika mkeka mbele ya nyumba yake, hapo Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, akawafundisha wanawake mambo mawili: kushona vitambaa vya hedhi, na kuhakikisha majina yao yameandikwa kwenye karatasi. Yote mawili alijifunza Mbarara mwaka 2011, kwa majuma mawili ya mafunzo katika nyumba moja ya mtaa wa Nyamityobora.

"Ofisini hawamjui mume wako. Wanajua karatasi," aliwaambia.

"Na yako je, Mama Olga?" Madeleine, jirani yake, alimtania. "Yako iko safi sawa sahani ya mchungaji!"

Wakacheka. Sidonie naye akacheka, macho yake kwenye sindano.

Yake haikuwa safi. Walipofika kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, mwaka 2004, uvumi ulizagaa kwenye foleni ya kujiandikisha kwamba mwanamke aliye peke yake hupewa kiwanja karibu na maji. Basi Sidonie akaandikwa peke yake, hana mume wala mtoto. Mumewe, Appolinaire, akaandikwa mgane mwenye binti wa miaka miwili, Olga wao; mke, alisema, aliuawa vitani. Wakapata kadi mbili na viwanja viwili, wakaishi nyumba moja. Kwa miaka tisa ulikuwa mzaha wao. "Marehemu, leta chumvi," Appolinaire angesema mezani, naye Sidonie angeitika.

Mwaka 2013 mgane mwenye binti mmoja aliitwa kuhamia Kanada.

Sidonie alipanda gari pale sokoni Rwekubo, akaenda Mbarara kwa mama wakili Kabanda, yule aliyemfundisha mwaka 2011. Wakili alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, barua mimi naweza andika leo. Lakini nikisema wewe uko hai, wataona bwana alidanganya. Faili inafungwa. Mtoto pia haendi."

"Na nikinyamaza?"

"Ataenda. Lakini baba yake atakuitaje kutoka kule? Alisema ulikufa."

Appolinaire alimngoja mlangoni tangu mchana. "Umesema?"

"Bado sijasema."

"Mama Olga, tulikosa."

"Tulikosa wote wawili. Ila kufa, nimekufa peke yangu."

Olga alikuwa na miaka kumi na mmoja. Damu yake ilikuwa bado. Sidonie hakurudi kwa wakili kuandikiwa barua. Alikata shuka lake la flana, akashona vitambaa kumi na viwili, akamketisha bintiye.

"Unakunja hivi. Unafua na maji baridi. Unaanika kwenye jua, usivifiche chini ya kitanda, vitaoza. Usione haya."

"Mama, mambo haya yangali mbali. Si utanifundisha kulekule?"

"Kunja nione."

Olga akakunja. Mama akamfanya arudie mara tatu.

Asubuhi ya kuondoka, karani mwenye orodha alisimama kwenye mlango wa basi, akasoma majina mawili. Kisha akamtazama mwanamke aliyeshika mfuko wa mtoto.

"Na huyu ni nani wenu?"

Appolinaire alifungua mdomo. Sidonie akamtangulia.

"Jirani."

Akamkabidhi Olga mfuko. Mtoto hakulia, alikuwa amekatazwa tangu jana yake.

Alhamisi iliyofuata wanawake walikuta mkeka umetandikwa kama kawaida. Sidonie alifundisha kushona tu. Madeleine alipomwuliza, kwa sauti ya chini, kama leo hakuna somo la karatasi, alisema sindano imemchoma, akaingia ndani.