Vikaratasi vya Njano

Kompyuta mpya haiji peke yake. Ukiiwasha mara ya kwanza unakuta imeshajaa wageni: mchezo wa karata ambao hukuuomba, duka linalokubembeleza ununue, hali ya hewa ya mji ambao hujawahi kuukanyaga, na vidubwasha vingine vinavyokula bando na kuifanya mashine itambae. Kazi yangu, katika ofisi moja hapa Chake Chake, ni kuwatoa wageni hao. Nilikuwa na orodha ya amri niliyoitunga mwenyewe kwa miaka. Nikiibandika na kubonyeza mara moja, programu zote zilizokuja na mfumo zinaondoka moja baada ya moja, bila hata kuaga. Nilijivunia orodha ile kuliko cheti changu cha chuo. Sasa siitumii tena.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa skuli kule Shumba, na alipostaafu nilimpa laptopu yangu ya zamani, nimeiwekea mfumo upya, na wageni wake sikuwatoa. Alichapa kwa kidole kimoja, cha shahada, tena kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Mimi sina subira. Nikimtazama akiitafuta herufi moja kwa dakika nzima, nilikuwa natoka nikamsaidie mama kuosha vyombo, nisije nikasema neno. Lakini alijifunza, na alikuwa na sababu ya kujifunza ambayo sikuitia maanani.

Kila mwezi wa Shaabani ukoo wetu hukutana nyumbani kwa baba kusoma hitima. Kabla ya dua husomwa majina ya marehemu wetu wote, tangu wale waliofyeka mapori ya mwanzo mpaka aliyezikwa juzi. Kila mmoja hutajwa kwa jina lake na la baba yake. Watoto wachanga nao hutajwa, hata aliyeishi siku mbili. Kwetu kumtaja maiti ni kumpelekea kitu, na tulikuzwa tukiamini kwamba asiyetajwa hukaa mikono mitupu akiwatazama wenziwe wakipokea. Msomaji wa majina alikuwa baba, kama alivyokuwa babu kabla yake. Yalikuwa zaidi ya mia mbili, yameandikwa katika daftari moja lenye jalada jekundu, na daftari lile lilikuwa limeanza kuliwa na mchwa.

Basi baba akayahamishia majina katika kompyuta. Hakuyaweka katika faili. Mafaili hakuyaamini, kwani aliwahi kupoteza barua humo akaitafuta wiki nzima. Mwenyewe aligundua programu ndogo iliyokuja na mfumo, ya vikaratasi vya njano vinavyobandikwa juu ya kioo. Ilimpendeza kwa sababu kila alipoiwasha mashine, vikaratasi vilikuwa palepale vikimngoja. Kila tawi la ukoo akalipa kikaratasi chake. Kazi ile ilimchukua miezi.

Alipomaliza alifanya jambo ambalo mzee yeyote wa kwetu angelifanya. Karatasi yenye jina la Mungu haitupwi jaani, na nusu ya majina ya watu wetu yana jina la Mungu ndani yake. Akalifunga daftari katika kitambaa cheupe, akalizika nyuma ya nyumba, chini ya mdimu. Mimi habari hiyo sikuijua. Nilikuwa naenda Shumba mara moja kwa mwezi, nakaa nusu siku, na nusu ya nusu hiyo nipo kwenye simu.

Jumamosi moja, wiki tatu kabla ya Shaabani, nilimkuta baba barazani na laptopu mapajani.

"Hino mashine yako imechoka kama mie," aliniambia. "Naiwasha, naenda kutia udhu, narudi bado yafikiri."

"Nitaisafisha, baba. Vitu vyako umeviweka wapi?"

"Barua zangu zimo katika lile folda ulilonitilia."

Akaenda msikitini kuswali alasiri. Nilinakili folda ya barua kwenye flashi, kwa sababu mimi ni mtaalamu na mtaalamu huanza kwa kuhifadhi vitu vya mteja. Kwenye pembe ya kioo kulikuwa na vikaratasi vya njano, vimelaliana. Niliviona. Nitakuwa mwongo nikisema sikuviona. Niliviondoa mbele ya macho yangu bila kusoma hata mstari mmoja, kama unavyosogeza sahani upate pahala pa kuweka mkono, nikabandika orodha yangu, nikabonyeza.

Mistari ikapita. Karata zikaondoka, duka likaondoka, hali ya hewa ikaondoka. Vikaratasi vya njano navyo vilikuwa katika orodha, kwa kuwa mimi sijawahi kuvitumia na sikuona nani angevitumia. Nikamalizia kwa kufuta masalio yote ili pasibaki uchafu. Nakala ya mtandaoni haikuwepo, maana mimi mwenyewe ndiye niliyeizuia mashine ile isijiunge na kitu chochote, ili isimalize bando la baba. Nasema kweli, niliona raha.

Baba aliporudi mashine iliwaka kabla hajakaa sawasawa.

"Mashaallah!" alisema. "Imekuwa ntoto tena."

Kisha akatazama pembe ya kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa, akatazama tena.

"Na karatasi zangu?"

"Karatasi gani, baba?"

"Za majina, mwanangu. Majina ya watu."

Nilimkasirikia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi hata ya kosa lenyewe. Nilimwuliza kwa sauti ya juu, mama anasikia, kwa nini hakuviweka katika faili kama watu wengine, nani aliyemwambia pale ni mahali pa kuweka kitu cha maana. Baba aliweka kiganja juu ya laptopu, akakiacha hapo, na mimi nikaendelea kusema mpaka maneno yakaniishia.

Nilirudi na laptopu Chake, na usiku na mchana wa wiki ile nilijaribu kila nilichosomea. Nilipitisha programu za kufufua vilivyofutwa, nikapata picha za zamani na barua ya kuomba likizo, majina sikupata hata moja. Nilikuwa nimesafisha vizuri mno. Ijumaa nilirudi Shumba kumwambia, na ndipo aliponieleza habari za mdimu.

Tulichimba pamoja, yeye kwa kijembe na mimi kwa mikono. Kitambaa kilikuwa kimegeuka rangi ya udongo. Ndani yake palibaki jalada, limekwajuka, na tope la karatasi lililojaa mchwa. Baba aliliinua karibu na macho, akasoma jina moja, la mwanamke, kisha karatasi ile ikamvunjikia vidoleni. Nililia pale chini kama mtoto. Yeye akafukia shimo, akalipiga piga kwa kijembe mpaka likakaa sawa.

Siku zilizobaki aliniamuru niandike, naye akitaja. Alianza na babu zake, akashuka. Tulikwenda mpaka Micheweni kwa shangazi yake, kikongwe asiyeona tena, akatupa majina kumi na manne na kutuambia kila mmoja alikuwa na tabia gani. Kila tulipopata jina baba alitabasamu kidogo, kana kwamba kuna mtu ameingia ndani akaketi. Wakubwa tuliwapata karibu wote. Waliotupotea ni watoto, wale waliokufa kabla ya kuota meno, na mama zao nao wameshakufa. Hao walikuwa wameandikwa mahali pamoja tu duniani.

"Nitawaambia watu ni mimi," nilimwambia baba tulipokuwa tukirudi.

"Hutasema kitu."

"Lakini, baba…"

"Ntu mzee akisahau, watu husema ni uzee, wakamwonea huruma. Weye bado wataka wakuamini kwa mashine zao. Nyamaza, mwanangu. Hili niachie mie."

Hitima ilijaa. Wanaume walikaa ukumbini na barazani, sisi wanawake uani, pazia katikati. Baba alisoma majina polepole, na kila tawi alipolifikisha mwisho, mahali pa watoto, alinyamaza. Sijui wengine waliuonaje ule unyamavu. Mimi nilikuwa nahesabu pumzi zake. Alipofika mwisho kabisa alisema maneno ambayo hayakuwahi kusemwa katika hitima zetu: "Na wote niliowasahau mie. Kosa ni langu, si lao. Mola awafikishie."

Uani wanawake waliangaliana. Mmoja, ambaye mama yake alikuwa na mtoto aliyefia uchangani, alisema hakumsikia kaka yake mwaka huu, na jina lenyewe halikumbuki mpaka lisomwe. Mwingine akasema, "Mzee ameshachoka, maskini." Nilikuwa nimekaa baina yao, sinia ya vikombe mapajani. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na sikulisema.

Baada ya chakula ami yangu alimwita baba pembeni. Alizungumza naye kwa heshima zote. Mwakani, alisema, tumpumzishe mzee wetu, majina ayasome kijana mwenye kumbukumbu nzuri. Baba alisema, "Inshaallah, ni vyema." Jioni ile aliifunga laptopu na chaja yake ndani ya mkoba, akanikabidhi nirudi nayo Chake. Alisema macho yanamsumbua.

Hakufika Shaabani nyingine. Alipougua nilimwambia mara mbili kwamba nataka kuwaambia watu ukweli, na mara zote mbili alinishika mkono akabadilisha mazungumzo.

Mwaka huu majina yalisomwa na binamu yangu, kutoka kwenye simu. Anasoma vizuri, haraka kidogo. Jina la baba lilikuwa la mwisho. Nililisikia kutoka uani, jina lake na la baba yake, nikadhani imekwisha, nikainamisha kichwa kungoja dua. Binamu akaendelea. Alisoma na maneno yaliyofuata, kama alivyoyaandika kwenye simu, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote: "Na wote tuliowasahau. Kosa ni letu, si lao. Mola awafikishie."

Ukumbini wakaitikia amina. Uani wakaitikia amina, na yule mwanamke ambaye hakumsikia kaka yake akaitikia kwa sauti kuliko wote, amekaa bega kwa bega na mimi.