Papa Masika na Karte ya Sauti

Melchior Syauswa alikuwa mtu wa kuudhi kidogo, na ninasema hivyo nikiwa nampenda. Ukimwambia mashine imeharibika, hakuamini mpaka umweleze uliigusa vipi, na kabla ya hapo uligusa nini. Mimi, Adèle, nilisoma matangazo katika redio yetu ndogo ya Oicha kwa miaka kumi na mmoja, na kila mara nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia ni afadhali niungame kwa padri kuliko kwake. Naye alicheka bila sauti, mabega tu yakitikisika.

Alizaliwa Butembo, akajifunza ufundi sokoni kwa kufungua redio zilizokwisha kufa, kwa sababu zile zilizokufa hakuna aliyemkataza kuziharibu zaidi. Alipokuja Oicha alioa, akapata binti wa kwanza, Masika, halafu wa pili, Kavira. Kwetu Wanande majina hayo yenyewe ni hesabu: Masika ni binti wa kwanza, Kavira ni wa pili, na mtu hubaki na nafasi yake mpaka kaburini. Tangu siku aliyozaliwa yule wa kwanza, hakuna aliyemwita Melchior tena. Alikuwa Papa Masika, yaani baba wa Masika.

Kompyuta ya studio ilikuwa moja. Zamani ilikuwa na Windows, na kila kwaya iliyoleta nyimbo zake kwenye flash ilituletea na virusi. Papa Masika alichoka kuifufua, akaweka Linux, na sisi sote tukamlaumu mwezi mzima kwa sababu alama tulizozoea kubofya hazikuwa mahali pake. Tundu la sauti la kompyuta lilikuwa limeungua kwa radi. Kwa hiyo alinunua Butembo karte ya sauti ya nje, kisanduku cheusi cha ukubwa wa kipande cha sabuni, kinachochomekwa kwa waya wa USB. Nyimbo na matangazo yalitoka kwenye kompyuta, yakapita kwenye kisanduku kile, yakaenda kwenye mtambo wa kurusha, na pia kwenye spika ndogo ya mezani ili nasi tusikie. Kispika kidogo cha ndani ya kompyuta kilikuwa hai, lakini hatukukijali.

Miaka ile watu wa Oicha walikuwa wakiuawa mashambani. Sina haja ya kueleza sana, aliyekuwa huko anajua na ambaye hakuwako hataelewa. Kakao ilikuwa inaiva upande wa msitu, na ukiiacha wiki moja, wengine wanaivuna. Ndiyo maana kila alfajiri, kuanzia saa kumi na moja, tulisema kama njia ya mashamba ni nzuri au la. Watu walikusanyika kwenye daraja la mbao nje ya mji, redio sikioni, wakasubiri neno letu kabla ya kuvuka. Masika, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alikuwa miongoni mwao, maana shamba la mama yake lilikuwa ng'ambo.

Juu ya meza ya studio kulikuwa na redio ndogo ya mkono, antena yake imefungwa uzi mwekundu. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutusikilizisha kile ambacho watu wanasikia kweli. Wiki moja kabla ya siku ninayoisimulia, redio hiyo ilitoweka. Papa Masika alisema ameipeleka kwake kuitengeneza. Nilimtania kwamba fundi anayelala na kazi yake mwisho ataioa. Hakutikisa mabega.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilikuwa peke yangu, wimbo wa kwaya unapigwa, nasubiri habari za njia. Habari zilikuja kwa simu: mwindaji mmoja alikuwa ameona watu wenye silaha karibu na mashamba. Kabla hajamaliza kunieleza ni upande gani, simu yangu ikazima. Nilitafuta mahali pa kuichaji. Kompyuta ile ilikuwa imebakiwa na matundu mawili mazima, moja la kibodi na jingine la karte. Nikachomoa karte, nikachomeka simu. Wimbo haukukatika. Niliendelea kuusikia vizuri, nikajua sijaharibu kitu. Simu ikapata nguvu kidogo, mwindaji akamaliza maneno yake, nikairudisha karte mahali pake. Taa yake ndogo ya kijani ikawaka.

Nikarekodi tangazo, nikaliweka lijirudie kila baada ya dakika tano. Mtu yeyote asivuke daraja. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema hivyo pale pale mezani, nikaenda kuchemsha chai.

Papa Masika alifika kabla jua halijatoka. Alisimama mlangoni, akasikiliza tangazo lote, akatazama taa ya kijani. Aliketi akapumua kwa nguvu. Aliniambia Masika ameondoka nyumbani mapema, lakini sasa atarudi. Nilimpa chai, akainywa yote.

Masika aliletwa mchana juu ya pikipiki, katikati ya vijana wawili waliomshika. Maiti mbili nyingine zililetwa baada yake. Ndani ya kitenge alichojifunga kiunoni walikuta redio ndogo yenye uzi mwekundu kwenye antena. Niliitambua. Nilimtazama Papa Masika, naye akanitazama.

Kwenye kilio, siku ya tatu, jirani yao Rébecca ndiye aliyetufumbua macho. Yeye alikuwa darajani na Masika, akarudi kwa sababu mtoto mgongoni alianza kuharisha, na hilo ndilo lililomwokoa. Alisema walisikia nyimbo, halafu redio ikanyamaza. Masika aliinua antena, akaizungusha huku na huku, akasema ni umeme umekatika kazini kwa papa wake. Ilikuwa kawaida yetu kukatika. Walisubiri kidogo, na watu wakaanza kuvuka. Hivyo ndivyo tulivyo huku: kimya cha redio hakimtishi mtu, tunakihesabu ni shida ya umeme.

Papa Masika aliyekuwa amekaa chini na mgongo ukutani aliinua kichwa.

“Ile redio ilikuwa inafanya shhh?” aliuliza.

“Hapana,” Rébecca alisema. “Ilinyamaza tu, sawa mutu mwenye kufunga pumuzi.”

Fundi alielewa alichokisikia. Umeme ungekatika kweli, mtambo ungezima, na redio mkononi ingevuma kama mvua kwenye mabati. Kimya kitupu maana yake mtambo ulikuwa unarusha vizuri kabisa, ila haukuwa na kitu cha kurusha. Sauti ilipotea kati ya kompyuta na mtambo. Siku ya nne, akiwa bado hajanyoa nywele za kilio, alirudi studio.

Nilimwona akitafuta siku tano. Alianza na waya, akabadilisha, ikawa si waya. Aliangalia kama sauti ya karte imefungwa kwenye Linux, haikufungwa. Aliipeleka Butembo kwa fundi mwenzake, ikalia vizuri, akairudisha kwa barabara ile ile mbaya. Alizima kompyuta akaiwasha mara nyingi, na kila mara ilikuwa nzima, kana kwamba inamkejeli. Aliniuliza mimi pia, kwa heshima, kama asubuhi ile niligusa kitu. Nilisema hapana. Nililisema upesi sana. Moyoni nilijipa hoja kwamba wimbo haukukatika, kwa hiyo haiwezi kuwa mimi.

Siku ya tisa aliacha kugusa vitu akaanza kusoma. Linux ina kitabu chake cha kumbukumbu, inaandika yenyewe kila kinachoingia na kutoka, pamoja na saa. Nilikuwa nyuma yake nikipanga karatasi. Alisoma mstari mmoja, akausoma tena kwa kidole. Hakugeuka kunitazama.

Aliniambia tu kile mashine ilichofanya. Karte ilipotoka, mashine haikunyamaza, iliichukua sauti ikaipa kispika chake cha ndani, kile tusichokijali. Karte iliporudi, nafasi yake ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, na sauti haikurudishwa. Tuliokuwa studio tulisikia kila kitu. Waliokuwa darajani hawakusikia kitu. Aliipima mbele yangu, akaichomoa karte wimbo ukiendelea, na wimbo ukaendelea vile vile.

Jioni hiyo jirani mmoja mzee, kwa huruma tu, alimsalimu njiani kwa jina la Papa Kavira, ili asimtaje marehemu. Nilikuwa nimeongozana naye. Papa Masika alisimama.

“Hapana, papa,” alimwambia polepole. “Miye niko Papa Masika. Masika akikufa, Kavira hapana geuka wa kwanza. Nafasi yake inabakia, hata kama mutu haiko.”

Kesho yake aliiandikia mashine amri hivyo hivyo. Aliitaja karte kwa jina lake, akaikataza kompyuta isimpe mwingine yeyote nafasi yake. Karte isipokuwako, sauti isitoke popote, na skrini yote iwe nyekundu. Alipomaliza, alitoa mfukoni chaja mpya ya simu, ya kuchomeka ukutani, akaitundika kwenye msumari kando ya kiti changu. Alisema ameikuta kwa bei nafuu. Nilimshukuru. Mungu anisamehe, nilimshukuru kama mtu asiye na habari.

Mkuu wa redio yetu, Edmond, alitaka jina la mwenye kosa, kwa kuwa familia za marehemu wengine zilikuwa zinauliza. Papa Masika alisema mbele yetu sote kwamba fundi ni yeye, na kwamba redio ya kusikilizia aliiondoa yeye mezani akampa mwanawe, ili awe salama. Kuhusu karte alisema tu kwamba mashine ilihamisha sauti. Edmond alimsimamisha kazi. Nilikuwa nimekaa viti viwili kutoka kwake. Mdomo wangu ulikuwa mzito kama uliojaa ugali, nao haukufunguka.

Aliichukua familia akarudi Butembo. Mimi niliendelea kusoma matangazo, nikichaji simu yangu ukutani kila asubuhi. Chaja ile ilinila. Mficha kidonda hufa nacho, na mimi nilianza kukonda mpaka watu wakaniuliza kama naumwa. Mwezi wa sita baada ya kilio nilipanda gari nikaenda Butembo, kwa njia ya Beni, nikiwa nimekariri maneno yangu njia nzima. Nilimkuta sokoni, kwenye kibanda, redio za watu zimefunguliwa matumbo mbele yake. Alikuwa amezeeka. Alinivutia kigoda.

Maneno niliyoyakariri yote yalikimbia.

“Papa Masika,” nilisema, “ni miye niliondosha karte.”

Alimaliza kufunga skrubu aliyokuwa nayo mkononi.

“Nilijuaka, mama. Tangu ile siku ya tisa. Mashine iliandika saa, na kwa ile saa ulikuwa weye peke yako.”

Nilimuuliza kwa nini hakusema, kwa nini aliniacha nikae pale mbele ya Edmond. Nilikuwa nalia na sokoni watu wanapita, sikujali.

“Weye uliondosha karte,” alisema. “Miye niliondosha redio. Ingebakia pa meza, ungesikia kama ni kimya. Nilimupatia Masika sababu nilimupenda kupita bale bengine benye kuvuka naye. Tuko babili benye kosa, Mama Adèle. Ningekusema weye, ile yangu ingepunguka?”

Nilikaa kwenye kigoda mpaka mvua ikaja, akanifunika kwa turubai ya kibanda. Niliporudi Oicha nilikwenda moja kwa moja kwa Edmond, nikamweleza yote, kisha kwa familia zile mbili, nyumba kwa nyumba. Moja walinipa maji ya kunywa. Nyingine hawakunifungulia mlango, na wana haki.

Edmond hakunifukuza, kwa kuwa hakuwa na msomaji mwingine. Alimwita Papa Masika arudi, naye akarudi peke yake, akiwaacha mkewe na Kavira Butembo. Redio yenye uzi mwekundu alirudi nayo, lakini haikai tena mezani. Kila alfajiri anatoka nayo nje, anasimama uani nje ya dirisha langu, anaiweka sikioni. Skrini isipokuwa nyekundu mimi nasema neno moja, habari za asubuhi, halafu nanyamaza namngoja. Akiinua mkono, najua sauti imefika, na hapo ndipo naanza. Hatuiamini taa ya kijani tena.

Ulipotimia mwaka, familia ilileta karatasi ya tangazo la misa, kama ilivyo desturi. Niliishika asubuhi hiyo nikatamani mtu mwingine aisome. Nilisema habari za asubuhi, mkono ukainuka. Nikasoma kwamba familia ya Papa Masika inawakumbusha ndugu na marafiki misa ya kumwombea binti yao wa kwanza, Masika, aliyewaacha akiwa na miaka kumi na tisa. Nilipolitaja jina lake nilitazama dirishani. Alikuwa amesimama pale pale, redio sikioni, na mkono wake ulikuwa bado juu.