Tovuti Iliyoamkia Nta

Wiki ile nilikuwa na hasira mpaka maziwa yakapungua. Nilikuwa natunza tovuti ya kikundi cha wafuga nyuki wa Sikonge, nimekaa chumbani kwangu hapa mtaa wa Ng'ambo, mtoto ananyonya. Kazi nyingine ya kufanya huku nanyonyesha siijui.

Mwenyekiti akapiga simu. Tovuti haina adabu, alisema. Mtu mzima anaingia, hasalimiwi.

"Imeanza juzi tu, binti. Bado mtoto. Iamkie."

"Iamkie wapi, mzee?"

"Kila mahali. Heshima haichagui."

Kiolezo chenyewe, ule muundo wa tovuti uliotengenezwa na wengine, huwa sikigusi. Ukikigusa, toleo jipya likija linafuta kazi yako yote. Ninachofanya ni kuweka pembeni kichujio cha PHP, mistari michache ya maagizo kwa kompyuta. Kichwa cha ukurasa kikiwa njiani kwenda kwa msomaji kinapita kwangu kwanza, kama asali inavyopita kwenye kitambaa. Nikaandika: kila kichwa kinachopita, kibandike "Shikamoo" mbele.

Asubuhi tovuti ikaamka na adabu zake. Shikamoo Asali ya Nyuki Wadogo. Shikamoo Nta. Shikamoo Mizinga Mitupu. Kwenye tangazo la msiba, Shikamoo Marehemu.

"Umetudhalilisha," mwenyekiti akanipigia. "Wajumbe tunakutana mchana. Isipokaa sawa, kazi anapewa mpwa wangu."

"Si ulisema kila mahali?"

"Kila mahali penye akili."

Huyo mpwa hata nywila yake huniuliza mimi. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikatukana kimoyomoyo, nikaongeza sharti: kama ni ukurasa wa mbele, amkia, kama siyo, kiache kichwa kipite kilivyo. Nta ikanyamaza. Marehemu akapumzika.

Mchana akapiga tena, nawasikia wajumbe nyuma yake wakicheka.

"Imekaa vizuri. Ila ule ukurasa wangu, wenye picha, mbona hauniamkii tena?"

Mhazini wao, bibi anayemzidi umri, akamnyang'anya simu. "Mwanangu, usimsikilize. Mkubwa hapa ni mimi. Aniamkie yeye, tena kwenye ukurasa wake huohuo."

"Nikiweka hivyo, kazi nabaki nayo?"

"Tumeshanyoosha mikono ubaki. Yeye peke yake ndiye kaukunja wake."

Nikaongeza sharti la pili palepale, mtoto akinivuta nywele. Mpaka leo, ukifungua ukurasa wa mwenyekiti, juu ya picha yake aliyovaa kofia, pameandikwa: Shikamoo Mama Mhazini.