Kaburi Nililolifunika kwa Nyasi

Watu wakisikia mtu ameweka kibanja cha baba yake rehani humhurumia, wakidhani shida zilimbana. Mimi sikubanwa na shida yoyote. Nilikuwa na hisa.

Nafundisha hisabati shule ya sekondari huku Karagwe. Hisa nilianza kuzinunua kwa simu, kidogo kidogo kila mshahara ukitoka, na baada ya miaka michache zilikuwa zimefika mahali pazuri. Saa nne walimu wenzangu wakinywa chai, mimi nachungulia bei. Walinitania, "Mwalimu, leo zizi limeongezeka ng'ombe wangapi?" Nacheka, kichwa kimenivimba, najiona wao wamelala na mimi peke yangu ndiye niliyeamka.

Kisha nikataka nyumba ya kupangisha mjini, vyumba sita, milango inatazama barabara. Mke wangu akaniuliza swali la mtu mwenye akili zake: "Si uuze hizo hisa?" Nikamjia juu. Hisa zinapanda, nani anauza kitu kinachopanda? Nikamwambia benki itanikopesha, na dhamana ni kibanja cha Nyakakika. Kwenye karatasi kibanja kilikuwa changu, maana mtoto wa kiume nilikuwa peke yangu na baba aliniachia mimi. Lakini aliyeishi mle, akipalilia migomba na kuchuma kahawa, alikuwa mama.

Afisa mikopo aliniambia kwenye simu, kama anataja jambo dogo tu, kwamba shamba lenye kaburi linasumbua. Likija kuuzwa halipati mnunuzi. Nikamjibu harakaharaka, "Langu halina." Na baba yangu amelala pale pale nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kama wanavyozikwa wazee wote wa kwetu.

Hapa ndipo panaponiuma. Kaburi lingekuwa la saruji nisingeweza kulificha. Tulipomaliza matanga niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba nitalijengea kwa gawio la kwanza la hisa zangu. Gawio la kwanza likaja, nikanunua hisa nyingine. La pili, vilevile. Kwa hiyo baba alikuwa bado na tuta la udongo na msalaba wa mbao, basi.

Asubuhi ambayo benki ingekuja kukagua shamba, mama alikuwa kanisani, kwenye kikundi cha akina mama. Niling'oa msalaba nikauegesha stoo, nyuma ya magunia ya kahawa. Nikasawazisha tuta kwa jembe. Halafu nikatandaza nyasi na majani makavu ya migomba juu yake, kama tunavyotandaza shamba zima ili udongo usikauke. Nilitandaza vizuri mno, Mungu anisamehe. Nikarudi nyuma hatua kadhaa kutazama kama panaonekana, nikaridhika.

Mama alirudi ameongozana na afisa. Walikuwa wamekutana njiani. Alikuwa kijana mwenye adabu, mgeni kutoka mkoa wa mbali, asiyejua tunavyozika. Tukazunguka kibanja, yeye anapiga picha na kukisifia. Tulipofika nyuma ya nyumba mama akasimama. Nikaona macho yake yanautafuta msalaba, yanashuka kwenye nyasi, halafu yanakuja kwangu. Nikajifanya nasoma ujumbe kwenye simu. Mtu mzima na ndevu zangu!

"Samahani, mama," afisa akauliza, kalamu mkononi. "Humu shambani hakuna kaburi lolote?"

Mama yangu alikuwa mzee wa kanisa. Akizidishiwa chenji gulioni, anarudi kwa miguu kuirudisha, hata kama ameshafika nyumbani. Nilingoja aseme. Na nisijifiche, moyoni nilikuwa naomba aongope.

"Hakuna," alisema. "Karibuni ndani mpate chochote."

Afisa alipoondoka nilimfuata mama jikoni nimshukuru. Jamani, kumshukuru! Alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua hata kichwa.

"Karudishe msalaba wa baba yako," akasema.

Nikaenda nikaurudisha, nikaondoa nyasi, nikaliinua tuta tena kwa mikono. Hatukulizungumzia tena.

Jumapili iliyofuata mama hakwenda kwenye Meza ya Bwana. Wala ile iliyofuata. Mchungaji aliniuliza kama anaumwa, nikamwambia ni magoti. Baadaye akaacha na uzee wa kanisa, akisema nafasi wapewe vijana. Watu walimsifu kwa unyenyekevu. Mimi nilikaa kwenye benchi langu nikitazama sakafu, kwa sababu nilijua.

Ningefilisika, walau ningesema nimeadhibiwa. Wapi! Vyumba vilijaa wapangaji hata rangi haijakauka. Hisa zilipanda, zikashuka kidogo, zikapanda tena. Mkopo nikaumaliza, hati ikarudi mikononi mwangu. Mwaka huu nikapakia saruji na vigae, nikachukua mafundi wawili, nikaenda Nyakakika kumjengea baba kaburi. Njia nzima nilikuwa na furaha. Nilidhani naenda kumaliza lile jambo.

Mafundi wakapima, wakaanza kuchimba msingi. Mmoja wao akaniuliza, kama wanavyouliza kwetu kila palipo na mjane, "Mwalimu, tuache nafasi ya mama hapa ubavuni?"

"Msiache," mama akajibu. Hatukujua kwamba amesimama nyuma yetu. "Mimi nitazikwa makaburi ya kanisani."

Nikamvuta kando. Nikamwambia, mama, kwetu mke hazikwi mbali na mumewe, ukoo utasema nini?

"Nilimkana," alisema. "Nilisimama hapa hapa miguuni pake, nikamwambia mgeni kwamba hayupo. Sina uso wa kulala karibu naye."

Nilipiga magoti kwenye udongo ule uliochimbuliwa, mafundi wananitazama, sijali. Nikamwambia kosa ni langu, lote, yeye hana hata chembe. Nililia kwa sauti, mimi niliyekuwa nikiwaona wenzangu wamelala. Mama alinishika bega akaniinua, akanifuta udongo magotini kwa khanga yake.

"Najua ni lako, mwanangu," akasema. "Lakini mdomo ulikuwa wangu."