Chumba Zero ya Kayna

Siku yangu ya kwanza ya kazi, kule Beni, mu commune ya Ruwenzori, Chef wa Bureau hakunionyesha mashini hata moja. Aliniketisha, akaniuliza: «Kambale, unajua kuhesabu?» Nikasikia hasira. Mimi, na diplôme yangu! Akasema: «Kila mashini iko na hesabu yake. Mbele ya kuigusa, uliza inaanzia wapi na inakomea wapi.» Nikajibu oui, Chef, kisha nikasahau.

Nyuma ya miaka wakanituma Butembo, kwenye bureau ya afya ya kanisa. Serveur yetu, ile mashini inayochunga dossier ya bagonjwa, ilikuwa ya Unix, ndilo jina ya programme inayoiendesha. Disque zake zilijaa, tukanunua armoire ya RAID, kabati ya disque, ya fundi mwingine. RAID ni disque mingi zinazosaidiana: moja ikikufa, zingine zinarudisha mambo yake. Nikaikata vyumba munane, kila kituo cha afya na chumba yake, kila chumba na namba, ile tunaita LUN. Kawaida namba zinaanzia zero. Mais nani kati ya bakubwa wetu angekubali kituo yake iitwe zero? Huku kwetu zero ni ya mutoto aliyeshindwa examen. Donc nikaanzia moja, na kituo ya Kayna, waliokuja nyuma ya bote, wakapata munane. Nilijiona mutu wa heshima sana.

Siku moja radi ikapiga serveur, ikaungua; armoire ikapona. Tukatoa ingine ya zamani mu dépôt, Unix vilevile, nikaifunga kwa armoire. Moja mupaka saba zikaonekana. Munane, hapana.

Na huyu hapa Mama Masika, infirmière wa Kayna, amesimama mu mulango na mavumbi ya barabara mu kitenge. Walikimbia vita, makaratasi zote zikabaki nyuma. Bagonjwa wake wa kifua kikuu walikuwa katikati ya dawa.

«Baba Kambale, nani amefika mwezi gani, nitajulia wapi? Nikikosea dose, ule mugonjwa nitamuzika.»

Nikaita muuzaji wa armoire kwa simu. Akasema rahisi tu: «Formatez ile chumba, mufute yote, muanze upya.» Weee! Kuanza upya na nini? Nikakata simu. Nilikuwa na woga, sifichi, lakini pia nilitaka sana kujua: chumba iko, disque zote ni nzima, sasa kwa nini serveur haioni? Nikahesabu zenye ilikuwa inaona. Saba. Kwa nini saba? Pale sauti ya Chef wa Beni ikanirudilia. Nikafungua kitabu ya ile serveur ya dépôt: si kama ile iliyoungua, inajua namba munane tu kwa armoire moja, kuanzia zero mupaka saba. Ilikuwa inapiga hodi kwa zero, hakuna mutu, na munane haijui kama iko. Kumbe ni heshima yangu iliyomufungia Mama Masika inje.

Nikaenda kwa Médecin Directeur, mutu wa Kasaï. Nikamwambia dawa ni kubadilisha namba tu, dossier hazitaguswa, lakini Kayna itaitwa zero. Akacheka. «Zero? Mama Masika utamwambia wewe mwenyewe.»

Nikamwambia, macho chini. Akanishangaa.

«Baba, niko nalilia bagonjwa, wewe unanihurumia sababu ya namba? Tutie mu zero, haraka!»

Nikabadilisha, nikawasha upya. Majina ya bagonjwa wa Kayna, kila moja na mwezi wake wa dawa, yakashuka ku écran, ya kwanza mbele ya vituo vyote. Mama Masika akasoma moja moja kwa sauti, na kila jina akasema: «Huyu yuko.» Mimi nililia.

Sasa niko mu pension, nalima viazi Masereka. Siku ya kuniaga, serveur mupya ilikuwa imefika, ile inahesabu mbali sana. Directeur akasema kwa furaha: «Sasa tutapatia Kayna namba ya heshima.»

Mama Masika akasimama. «Hapana, Docteur. Mutuache palepale tulipofunguliwa.»